Empain aliondoka, bandari ikabaki bila mwenyewe

Ndugu wakaaji wa Kindu, wa Kasuku, wa Mikelenge, na ninyi wa Alunguli munaovuka mto kila asubuhi kwa mtumbwi,

Tunawaandikia juu ya kitu ambacho tunakipita kila siku bila kukiangalia: bandari yetu. Hatuandiki juu ya uchaguzi, wala juu ya chama, wala juu ya nani ataitwa Kinshasa kesho. Ni juu ya bandari, juu ya mto wenyewe, na juu ya yale mabato ya chuma ambayo kazi yake imebaki moja tu, watoto kuyapanda na kujitupa ndani ya maji.

Kwa nini sasa? Nenda sokoni, utajibiwa mara moja. Kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa januari 2025. Goma na Bukavu, kule tulikozoea kupata sukari, sabuni na dawa, ziko upande mwingine wa vita. Barabara ya Bukavu, hata wakati wa amani, ilikuwa barabara kwa jina tu. Treni ya Lubumbashi inafika siku inayotaka yenyewe. Basi Kindu, muji mkuu wa jimbo zima, inakula kile ambacho baiskeli inaweza kusukuma. Na wakati uleule, mbele ya muji kunapita Lualaba, mto mkubwa wenye maji mwaka mzima, unaoshuka kilometa karibu 300 mpaka Ubundu, na bato inaweza kuufuata njia yote. Mtu anasimama ukingoni na kiu ya biashara, na maji iko mbele yake.

Wiki chache zilizopita tulienda bandarini kufanya salongo. Tulikuwa vijana kumi na wachache, na mafagio na mapanga ya kufyeka. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya bato katika ujana wake alikuja kutuangalia. Hakutusaidia, hakutuzuia. Mwishowe akasema: «Ninyi watoto munafagia nyumba ya mutu mwenye hajarudi.» Tulicheka. Kiisha tukakaa naye kwenye kivuli mpaka jua likashuka, na mengi tunayoandika hapa yalianza pale, ijapokuwa tulienda kuyahakikisha kwa wengine na ndani ya vitabu.

Kabla ya reli, mto ulikuwa na wenyewe. Wagenya ndio walijua kila jiwe na kila mkondo, na mutu wa kutoka mbali hakupita bila wao. Mwaka 1871 Livingstone alikaa miezi pale Nyangwe akitafuta mitumbwi ya kushuka Lualaba. Hakuipata, akarudi Ujiji. Hatusemi hivi juu ya kujisifu, sababu wakati uleule Nyangwe na Kasongo zilikuwa masoko ya pembe na ya watumwa, na lugha hii tunayowaandikia ilikuja na misafara ile. Tunasema tu kwamba kulikuwa wakati ambapo safari ya mto iliombwa kwa wenyeji, na wenyeji waliweza kukataa.

Tarehe 4 januari 1902 kampuni ilizaliwa: Compagnie des Chemins de fer du Congo supérieur aux Grands Lacs africains. Wazee wanaiita tu CFL. Mwenyewe alikuwa baron Édouard Empain, yule ambaye kampuni yake ilijenga metro ya Paris. Inchi ilikuwa ingali mali ya mfalme Leopold. Ile Serkali ya mfalme ikampa Empain hekta milioni 4 za udongo, na juu yake ikamhakikishia faida ya 4% kwa makuta aliyotia. Musome tena polepole. Biashara ikienda vizuri, faida ni yake. Ikienda vibaya, serkali itamlipa, na serkali ilitoa makuta wapi? Kwa mpira, kwa pembe, kwa mgongo wa babu zetu. Tutarudi kwa jambo hili, sababu halijaisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mto huu unapitika vipande vipande. Kati ya Kisangani na Ubundu kuna maporomoko saba, bato haipandi. Basi walijenga reli ya kilometa 125 kuyazunguka, ikaisha 1906. Kutoka Ubundu mpaka hapa Kindu, bato. Kutoka Kindu kwenda juu, mawe na maji makali tena, mpaka ile shingo ya mto karibu na Kongolo ambayo Wazungu waliiita Milango ya Jehanamu. Wakajenga reli ya pili, kilometa 355, Kindu mpaka Kongolo, ikaisha mwisho wa 1910. Kutoka Kongolo, bato tena, kupita Kabalo na Ankoro mpaka Bukama, zaidi ya kilometa 600. Mwaka 1915 wakamaliza reli ya Kabalo mpaka Albertville, yaani Kalemie, kilometa 273, ikafika ziwani Tanganyika. Mwaka 1918 reli ya Katanga nayo ikafika Bukama, na mnyororo ukafungwa.

Kindu ni pete moja ya mnyororo ule. Hapa njo bato ilikutana na treni, na sababu ya muji kuwa muji ni hiyo. Kwa miaka mingi barua ziliandikwa «Kindu-Port-Empain». Muji wetu ulibatizwa kuwa bandari ya mutu mmoja. Jina lilifutwa, na ni vizuri. Lakini inaonekana siku walipofuta jina, hawakuandika mahali pengine bandari sasa ni ya nani.

Hebu fuateni gunia moja la chumvi. Linashuka kwenye meli Matadi, linaingia treni: mara moja. Léopoldville linatoka treni, linaingia bato: mara mbili. Stanleyville linatoka bato, linaingia treni: mara tatu. Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, linatoka treni, linaingia bato: mara nne. Kindu linashuka tena: mara tano. Kila mara kuna mtu chini ya gunia. Vitabu vya kampuni vinaandika transbordement, neno safi kabisa. Kwa mwili wa mtu ilikuwa ubao mwembamba kati ya bato na ukingo, gunia kichwani, kapita nyuma.

Na kila bandari ilikuwa kama kiwanda. Magasin za kuweka mizigo, atelie ya kutengeneza motere na vyuma, wafua chuma, maseremala, wapiga rangi, kambi za wafanyakazi. Mabato hayakuja yakiogelea, maporomoko yasingeruhusu. Yalikuja vipande vipande, yakaunganishwa ukingoni kwa misumari ya chuma cha moto. Watu wetu walijifunza kazi ile, na waliijua. Mabato ya kwanza yalikula kuni, si mazutu, na yalikula nyingi. Kwa hiyo kando ya mto kulikuwa vituo vya kuni, na vijiji vililazimishwa kukata, kubeba na kupanga, siku kwa siku, sababu bato haingoji. Ukisikia mzee anasema pori la ukingo wa mto «liliisha wakati wa bato», usifikiri ni hadithi.

Kiisha kulikuja vita vya Wazungu. Mwaka 1916 askari wa Force Publique walifika Tabora, na nyuma yao wapagazi kwa maelfu. Vita ya pili ikaleta mambo mengine: mwaka 1942, Wajapani walipochukua Malaya, Washirika walikosa bati, wakaitafuta huku kwetu, Kalima na pande zote za Maniema. Mwaka ule kazi ya lazima vijijini ilipandishwa mpaka siku 120 kwa mwaka. Siku 120! Bati ilishuka na magari mpaka Kindu, ikapanda treni, ikaenda Kalemie, ikavuka ziwa mpaka Kigoma, ikaenda Dar es Salaam. Wabeleji walijua thamani ya bandari kuliko sisi. Kwa mkataba wa 15 machi 1921 Waingereza waliwakodisha milele nafasi za bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa franka moja kwa mwaka. Walienda kutafuta ukingo katika inchi ya watu. Sisi ukingo tuko nao mbele ya mlango, na hatuulizi hata ufunguo uko kwa nani.

Hapa tunataka kusema jambo moja na wazazi wetu, kwa heshima. Mara nyingi tukizungumza bandari, mtu mzima anasema: «Wakati wa Mubeleji bato ilifika saa yake.» Ni kweli, ilifika. Ilifika sababu kulikuwa bati ya kuchukua. Njia yote ile ilipimwa kwa kitu kinachotoka, na chumvi na nguo zilirudi ndani ya nafasi iliyobaki tupu. Mama wa Alunguli aliyetaka kupeleka mchele wake Kisangani hakuwa ndani ya hesabu. Tusiombe kurudishiwa kitu ambacho hakikuwa chetu. Ile tunayotaka haijawahi kuwepo: bandari inayofanya kazi sababu mchele, mafuta ya mawese, mihogo na abiria wa Maniema wanahitaji kufika.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Watu wengi wanasema mto uliachwa na Mobutu, wengine wanasema uliachwa na vita. Sisi tunaona kuachwa kulianza mbele. Mwaka 1939 walijenga daraja la Kongolo na kuunganisha Kongolo na Kabalo kwa reli. Mwaka 1955 walibadilisha upana wa reli, kutoka meta moja mpaka milimeta 1067, ili ifanane na ile ya Katanga. Mwaka 1956 wakaunganisha Kabalo na Kamina. Kuanzia pale, mzigo wa Kindu ulipanda treni moja mpaka Lubumbashi bila kushuka kwenye maji. Nzuri kwa madini. Lakini mto wa chini, Kindu mpaka Ubundu, ukabaki kama mkia. Na ile reli ya Ubundu mpaka Kisangani haikuguswa: ingali na upana wa meta moja, peke yake, haifanani na reli nyingine za kampuni. Kichwa cha treni cha Kindu hakiwezi kutembea kule hata ukikipeleka na bato. Kumbe walioamua hivyo walikuwa wanaangalia kusini, na sisi tuko kaskazini ya macho yao.

Baada ya uhuru hatutakaa sana. Muasi wa 1964 alipita hapa. Mwaka 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa SNCZ, leo SNCC, na makao makuu yakawa Lubumbashi: kwa Kindu, kuomba msumari wa kutengeneza bato ni kuandika barua ya zaidi ya kilometa elfu moja. Vita ya 1998 ilikata njia, muji ukakaa miaka bila treni. Wafanyakazi wa reli na wa mto walikaa miezi na miezi bila mshahara, na hii haiko siri kwa mtu yeyote. Wengine walikufa wakingoja, watoto wao walikuwa nasi shuleni. Mwaka 2009 makampuni ya serkali yaligeuzwa kuwa makampuni ya biashara. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 255 kwa ule mradi wa usafirishaji unaoitwa Transport Multimodal. Multimodal maana yake ni njia nyingi pamoja, reli na maji na nyingine. Sisi hatumshitaki mtu. Tunauliza tu swali la mtu anayeishi ukingoni: katika makuta yale, kiasi gani kiligusa maji ya Lualaba, kati ya Kindu na Ubundu? Jibu liandikwe, na libandikwe mahali wakaaji wanaweza kulisoma.

Leo ni nini inatembea juu ya mto? Mitumbwi, na baleinière, zile boti ndefu za mbao zenye motere nyuma. Tunawapa heshima wenye boti hizi. Bila wao hakuna kitu kingefika. Walirithi kazi ya kampuni bila kurithi hata nyundo yake. Lakini tuseme ukweli wote. Boti inapakiwa mpaka maji inalamba ubao. Abiria anakaa juu ya magunia, kuku na mafuta pembeni yake. Wengine wanaondoka usiku, juu ya kukwepa vizuizi na kodi ambazo hakuna mtu anajua zinaenda wapi. Alama za mto zilizoonyesha jiwe liko wapi na mchanga umehamia wapi zimeoka na kuanguka, na nahodha anasoma maji kwa macho yake, sawa babu yake Mugenya, lakini na watu wengi ndani ya chombo ambacho babu yake asingekubali kukipanda.

Ziwani Kivu, tarehe 3 oktoba 2024, bato Merdi ilitoka Minova na ikazama mbele ya bandari ya Kituku, watu wa Goma wakiangalia kutoka ukingoni. Watu makumi walikufa wakiwa wanaona nyumba zao. Miaka mitano mbele yake, aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na Raisi wa Jamhuri mwenyewe akasema jile za kuokolea ziwe lazima. Basi tangu 2019 amri iko. Nendeni asubuhi kwenye ukingo wetu, muhesabu jile. Sisi tulihesabu katika boti tano siku ile ya salongo. Tulipata mbili, zote kwa nahodha na msaidizi wake.

Tukizungumza haya, tunajibiwa kwamba barabara njo ya kwanza. Hatupingi barabara. Lakini musaidie kuhesabu. Baiskeli ya msukumaji ikibeba kilo 100, unahitaji baiskeli 1000 kufikisha tani 100. Baji moja ya chuma, ile inayosukumwa na bato, inabeba tani 100 bila jasho, na haitaki lami wala madaraja. Mto ulijengwa na Mungu, hakuna fakture. Kinachotakiwa ni ukingo ulio imara, gru moja inayofanya kazi, alama zilizorudishwa, mabato mawili matatu yanayotembea kwa saa inayojulikana, na ile reli ya Ubundu iwe hai. Kidogo? Hapana, si kidogo. Lakini ni kidogo ukilinganisha na kila mwaka kulipa sukari bei ya ndege.

Ndani ya kikundi chetu hatukukubaliana kwa jambo moja, na hatutaficha. Kuna wenzetu wanasema: serkali imeshindwa, wape bandari watu wa biashara, akija mwenye makuta atengeneze na achukue faida yake. Wengine wanasema hata siku moja, ni mali ya taifa. Tulibishana jioni mbili. Mwisho tulirudi kwa Empain. Ubaya wa mkataba ule haukuwa tu kwamba alikuwa mutu wa biashara. Ubaya ulikuwa kwamba hakuna hata mutu mmoja wa ukingo huu aliyeuona kabla haujatiwa sahihi, na kwamba hasara ilikuwa ya wengine. Kwa hiyo tulikubaliana hivi: akija mtu yeyote, Mukongomani, Muchina, Mubeleji, Muarabu, mkataba uonekane kwanza. Kuna dekre ya 2011 inayolazimisha mikataba ya mali ya asili itangazwe ndani ya siku 60. Wanasheria watatuambia kwamba ilifikiriwa kwa migodi, misitu na petroli. Vizuri. Sisi tunasema mto ni mali ya asili kuliko yote, na liwali wetu na wabunge wetu wa jimbo wanaweza kuamua kufuata njia ileile bila kungoja Kinshasa iwatume.

Basi hii ndiyo ile tunayodai. Kwanza kabisa, orodha: kila bato, kila baji, kila mashine, kila hangari ya bandari ya Kindu na ya Ubundu, iandikwe iko katika hali gani, na orodha ibandikwe mlangoni kwa bandari na kusomwa kwa redio kwa Kiswahili. Mpaka orodha itoke, hakuna chuma kitakachotoka bandarini kuuzwa kama feraye. Hatujui nani anauza na hatutaki kumtaja mtu bila ushuhuda, lakini tunajua kwamba kitu kisichohesabiwa hakiwezi kusemwa kimeibwa. Jile ya kuokolea kwa kila abiria, na zile kodi za ukingoni ziunganishwe kuwa moja, yenye risiti, ili nahodha asiwe na sababu ya kuondoka usiku. Tumezungumza na wenye boti, wao wenyewe walituambia: wakiacha kutozwa mara tano, watanunua jile. Tuwapime kwa neno hilo.

Na wazee wa bato. Yule mzee wa kivuli alituonyesha mkono wake, alama ya moto ya msumari tangu ujana. Alisema anaweza kuonyesha kijana namna ya kuziba chuma kilichotoboka, namna ya kusoma mchanga unaohama, mahali ambapo mawe yako wakati maji imeshuka. Hakuna shule katika jimbo letu inayofundisha hayo. Wako wachache kama yeye, na kila mwaka tunazika. Tunaomba taasisi za ufundi za Kindu zifungue darasa, hata moja, hata chini ya mwembe, na wazee hawa walipwe kama walimu, si kupewa asante na soda. Deni la mishahara ya zamani ni jambo lingine, lisifutwe kwa sababu ya darasa.

Wengine watauliza: ninyi vijana munaleta nini mbali na maneno? Salongo ya bandari itaendelea kila jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja ya asubuhi. Tutafyeka nyasi za ukingo, tutazibua mifereji. Hatutagusa mashine wala chuma, ili mtu asije kusema tuliharibu au tuliiba. Tutahesabu boti, abiria na jile, na kila mwezi tutatangaza hesabu. Polisi wakija, tutakaa chini. Wanatujua.

Na kuna karatasi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kupeleka ombi kwa serkali, peke yake au pamoja na wengine, na serkali inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ombi letu juu ya bandari limeandikwa, ukurasa mmoja na nusu. Litapelekwa kwa liwali, kwa bunge la jimbo, na nakala kwa waziri wa usafirishaji Kinshasa. Tutaandika tarehe ya kupokelewa, na siku ya tisini tutarudi mlangoni.

Linatiwa sahihi kuanzia jumatatu, mbele ya soko kuu asubuhi, na ukingo wa Alunguli kuanzia saa kumi, wakati watu wanarudi. Mwenye hajui kuandika aje na kidole chake, wino tuko nao.